Sauti ya Mama Mkwe

Kila Jumatatu asubuhi Emmy alitundika shuka katikati ya chumba. Lilikuwa shuka la kijani lenye maua, na lilishikwa na misumari miwili, mmoja juu ya dirisha na mwingine kwenye ukuta wa upande wa duka la Abdisalam. Likishanyooka, upande mmoja ulibaki na kompyuta, nyaya na mume wake Levi. Upande wa pili ulibaki na kiti, maikrofoni na kikombe cha chai. Hapo ndipo alipotoka kumwita mama yake, Agneta, ambaye muda wote huo alikuwa amekaa kwenye ngazi za duka ameipa nyumba mgongo, kama mtu asiyejua kilichomleta Kitale.

Kwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na wakiwa na la kuambiana hutafuta mtu wa tatu alibebe. Katika chumba kile mtu wa tatu alikuwa Emmy. Na ingawa shuka halizuii sauti, wote wawili walijifanya hawajasikia neno mpaka Emmy alirudie.

"Mwambie mama aanze, taa imewaka," Levi alisema.

"Mama, anasema uanze, taa imewaka."

"Mwambie mwenye kompyuta huku hakuna taa. Huku ni maua tu."

"Anasema huko..."

"Nimesi..." Levi alianza, kisha akakohoa na kumeza neno. Akangoja mke wake amalize kulileta.

Mama Agneta akakohoa pia, akanywa chai funda moja, akasogea kwenye maikrofoni. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu, sauti ya mtu aliyeuza mahindi sokoni miaka ishirini na hajawahi kumkimbilia mteja. "Mulembe, wewe unayesikiliza," alisema, halafu akanyamaza. Alinyamaza muda wa mtu kujibu salamu na kuulizia watoto. "Mahindi, gunia la kilo tisini. Kitale, elfu moja mia mbili na themanini. Soko la Kwanza, elfu moja mia mbili na ishirini. Bungoma, elfu moja mia tatu. Yale ya kuvuka mpaka wa Suam, usikubali zaidi ya elfu moja mia moja, hayajakauka."

"Mwambie mama hiyo ya hayajakauka haiko kwa karatasi."

"Mwambie karatasi haijashika hayo mahindi. Mimi nimeshika."

Ilibaki. Na kile kimya baada ya salamu kilibaki pia, ingawa mwanzoni Levi alitaka kukikata kwa sababu kila sekunde ilikula pesa za mkulima. Mama Agneta alikuwa ameuliza, kupitia kwa Emmy, kama huko alikozaliwa mwenye kompyuta watu husalimiwa halafu hawangojwi wajibu.

Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili na sita. Simu zilikuwa chache na zilitunzwa kama mayai. Kijiji kizima kingetumia mbili tatu, zichajiwe kwa betri ya gari kwenye kinyozi, na mtu akikwaruza kadi ya simu ya hamsini alikuwa amekwisha panga maneno yote atakayosema. Levi Sifuna, kijana wa miaka ishirini na sita aliyejifunza kompyuta kwa kufagia saiba, duka la intaneti la watu, kule Bungoma, alikuwa ameifundisha kompyuta kuukuu kupokea simu. Mkulima akipiga namba, mashine inapokea yenyewe, inamsomea bei ya wiki, inakata. Hakuna tena kudanganywa na broka aliyekuja mpaka mlangoni na lori na maneno matamu. Watu walikuwa wakisimama dirishani kuitazama ile kompyuta kama ndama aliyezaliwa na vichwa viwili.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Levi mwenyewe, na wakulima wakakata simu; walisema anaongea kama broka. Ya pili ilikuwa ya Emmy. Mzee mmoja wa Kwanza alifunga safari mpaka dukani kuuliza huyo msichana anamwogopa nani humo ndani. Ndipo Emmy alipomtaja mama yake, anayesoma matangazo ya kanisa kule Kabuchai mpaka waliokaa chini ya mti nje wanamsikia. Tangu hapo simu zilipanda kutoka kumi kwa siku hadi mia moja na zaidi. Maduka mawili ya mbegu yalilipa kidogo ili nayo yatajwe baada ya bei. Pengo lililobaki Emmy aliliziba kwa mandazi aliyouza nje ya mlango.

Pengo hilo lilikuwa linapanuka. Lakini shirika moja la Nairobi lilikuwa limesikia habari zao, na wageni wangefika Ijumaa ya wiki iliyofuata. Wakiridhika, wangelipia mwaka mzima. Wasiporidhika, kodi ya chumba ilikuwa mwisho wa mwezi, na Levi angerudi Bungoma kutengeneza simu kwenye kibanda cha binamu yake.

"Mwambie mama Jumatatu ijayo ndiyo kubwa," alisema siku hiyo, akizungusha nyaya. "Ndiyo wageni watasikia."

"Mwambie nitakuja nimekunywa asali," Mama Agneta alisema, akaondoka bila kugeuza shingo.

*

Jumatatu ilifika, shuka likatundikwa, chai ikapoa. Saa nne Emmy akalishusha shuka akalikunja. Jumanne alimwachia jirani mtoto wao Nekesa, akaenda Kabuchai.

Alimkuta mama yake uani akipura maharagwe kwa fimbo. Mama hakuacha kupura.

"Umekula?"

"Nimekula, mama. Jana tulikungoja."

"Mlikuwa mnangoja nini? Redio yenu iliharibika."

Emmy alikaa kwenye kigoda akaanza kuokota maharagwe yaliyorukia mbali. Alimjua mama yake. Mtu akimharakisha, humaliza gunia zima bila kutoa neno.

"Edinah alikuja kwenu," mama alisema mwishowe.

"Alikuja kununua viatu vya mtoto. Akapitia kutusalimu."

"Alikuta nini?"

Emmy akakumbuka. Edinah, jirani yao wa Kabuchai, alikuwa amemkuta Levi mezani na hedifoni masikioni, amefumba macho, anatikisa kichwa polepole. Alikuwa akitafuta vikohozi vya kukata. Edinah akauliza kijana anasikiliza muziki gani mtamu hivyo. Na Emmy, kwa sababu alikuwa anajivunia na kwa sababu si mara nyingi anapata kitu cha kujivunia mbele ya Edinah, akajibu, "Ni mama huyo."

"Nilisema tu ni wewe," Emmy alisema sasa.

"Eh. Ulisema tu." Fimbo ilishuka. "Sasa mimi nimeambiwa mkwe wangu anakaa na mimi ndani ya masikio siku nzima, amefumba macho. Ati namnong'oneza. Mtu ambaye sijawahi kuona hata meno yake."

"Lakini mama, ni kazi. Si uwaambie ni kazi."

"Niwaambie nani? Jumapili nimesimama kanisani, miwani tayari kwa pua. Mwenyekiti wa wamama akaniambia, 'Agneta, wewe pumzika, umeongea sana mwaka huu.' Akampatia Edinah kitabu cha matangazo. Watu wakacheka leso mdomoni. Nikarudi kukaa, miwani bado kwa pua."

Wanawake wawili walikuwa wanapita kwenye njia ya miwa, majembe begani. Mmoja alipaza sauti, "Mulembe, Mama Agneta! Mahindi ni ngapi leo?" Mwenzake akamgonga kiwiko, na kicheko chao kikaendelea mpaka walipopotelea nyuma ya miwa. Mama Agneta hakuitikia. Mtu aliyengojea dunia nzima ijibu salamu yake, Emmy hakuwahi kumwona akikataa kujibu salamu ya mtu.

"Edinah ana mdomo," Emmy alisema.

"Edinah ana macho. Ameona, amesema." Mama aliketi chini, akaweka fimbo mapajani. "Wewe ulifika darasa la sita, lakini hata ambaye hajaenda shule anajua hii. Ningekuwa mimi ndiye nimesikia hiyo habari ya mama mwingine, ningesema vile vile wamesema. Mkwe kunisikiliza, hapana. Shuka nilikubali kwa sababu yako, na hata hilo shuka nilikuwa nalionea aibu. Sasa mwambie bwana yako atoe sauti yangu huko ndani. Yote. Asibakishe hata kikohozi."

*

Levi aliyapokea maneno hayo akiwa amesimama, koleo ya nyaya mkononi. Hakukasirika. Hilo ndilo lililomtia Emmy wasiwasi.

"Sawa," alisema. "Asikuje. Amezeeka, safari ni ndefu. Kaa hapa usikize."

Akabonyeza. Sauti ya Mama Agneta ikajaa chumbani: "Kitale, elfu moja mia tatu na hamsini."

Emmy akageuka kutazama mlango. "Amekuja lini?"

"Hajakuja." Macho ya Levi yaling'aa kama ya mtoto aliyefungua saa na kuifunga tena ikaenda. "Hiyo 'elfu moja' ni ya mwezi wa nane. 'Mia tatu' ni ya wiki iliyopita, ile ya Bungoma. 'Na hamsini' nilitoa mahali alikuwa anauliza chai ni shilingi ngapi. Nimeunganisha. Umesikia mahali nimeshona? Hakuna. Nina namba zake zote, Emmy. Naweza kumfanya aseme bei yoyote mpaka Nekesa aolewe."

"Lakini hiyo bei mama hajasema."

"Ni bei ya kweli. Nimeitoa sokoni leo asubuhi."

"Na siku utakosea? Kabuchai watasema nani amekosea?"

"Sitakosea."

"Levi. Amesema usibakishe hata kikohozi."

"Vikohozi nilishatoa," Levi alisema, akatabasamu kidogo, akamngoja atabasamu pia.

Emmy hakutabasamu. Hakupiga kelele wala hakulia. Hizo hazikuwa njia zake. Aliingia jikoni akakanda unga wa mandazi, na tangu hapo hakumbebea mtu neno lolote. Abdisalam, mwenye nyumba na mwenye duka la vitambaa, alipoleta bili ya stima akamwuliza kama mzee yuko, Emmy alinyoosha kidole tu. Chakula kilipoiva, Nekesa aliyekuwa na miaka mitatu ndiye aliyetumwa kumwita baba yake, akasahau njiani akaenda kucheza na vifuniko vya soda. Levi alikula ugali umepoa.

"Leo umeme umekatika huko ndani?" Abdisalam alimwuliza dirishani. "Ama bibi ndiye amekatika?"

Levi alifunga dirisha. Kulipokucha alikuja jikoni, akachuchumaa karibu na jiko, kitu ambacho hakuwa na desturi ya kufanya.

"Niambie vile mama alisema. Kama alivyosema, usipunguze."

"Nilishakwambia."

"Uliniambia alichotaka. Niambie alichosema."

Emmy aligeuza mandazi, akatafakari, kisha akayarudia yote: pua na miwani, leso, macho ya Edinah, shuka la aibu. Alikuwa amezoea kubeba maneno ya watu hao wawili bila kumwaga. Alipofika kwenye "mkwe kunisikiliza, hapana," Levi aliinua mkono.

"Rudia hapo."

"Mkwe kunisikiliza, hapana."

"Hajasema kuongea ndiyo vibaya."

"Hapana."

"Hajasema watu wa Kwanza wasimsikie, wala wa Suam."

"Hapana. Hao si wakwe zake."

Levi alichukua andazi la moto, akalirusha mkono huu na mkono huu bila kulila. "Basi shida si mdomo wake," alisema. "Shida ni masikio yangu." Akalirudisha andazi sahanini. "Na mimi nimekaa siku mbili nikitafuta njia ya kumwondoa yeye."

Akaenda kwenye kompyuta. Emmy akamfuata mpaka mlangoni. Levi akaweka kidole kwenye kile alichokishona, ile "elfu moja mia tatu na hamsini" iliyomtoa jasho, akaifuta. Kisha akainuka, akavuta kiti nyuma.

"Kaa."

"Mimi?"

"Kuna mila gani inakataza mtoto kumsikia mama yake?"

*

Zilibaki siku mbili. Levi alivitia vitufe alama kwa rangi ya kucha: chekundu kukata, cheupe kuhifadhi, kwa sababu maneno ya Kiingereza kwenye kioo yalimponyoka Emmy kama samaki. Naye Levi aliapa kuanzia hapo hatazigusa tena zile hedifoni, hivyo alimfundisha kwa kuonyesha umbo tu. Sauti ilipita kwenye kioo kama mstari wa vichuguu. Vichuguu vikubwa vilikuwa namba. Kile chembamba kilichochomoka peke yake kama mwiba, kikohozi. Na pale ambapo hakukuwa na kichuguu, palipokuwa tambarare tupu, Levi aliuliza:

"Hapo ni nini? Imeharibika?"

"Hapo anangoja ajibiwe," Emmy alisema.

"Usikate."

"Sikati."

Mara ya kwanza alifuta bei za Bungoma zote. Mara ya pili aliifanya Suam itangulie salamu. Mandazi yaliungua siku hiyo, na mteja mmoja akasema kama ni kompyuta wanakaanga waseme tu. Lakini jioni ya Jumatano alikuwa amekata vikohozi vitatu bila kujeruhi namba yoyote. Akapiga simu kwa mwenye posho mill, kile kinu cha kusaga unga cha Kabuchai, akamwomba ampelekee mama yake ujumbe, na ujumbe ulikuwa mrefu kuliko maneno yoyote ambayo yule mwenye posho mill aliwahi kusikia kutoka kwake.

Alhamisi Mama Agneta alifika, na hakufika peke yake. Alikuja na mwenyekiti wa wamama wa kanisa, mwanamke mnene mwenye mkoba mweusi, na nyuma yao Edinah.

"Yuko wapi?" mwenyekiti aliuliza kabla ya kuketi.

Emmy alionyesha nje. Ng'ambo ya barabara, karibu na fundi wa viatu, Levi alikuwa amesimama na mikono nyuma, uso umeelekea msikitini, akitazamwa na kila mpita njia.

"Amesimama hapo tangu lini?"

"Tangu mliposhuka kwa gari."

Mwenyekiti akatoa sauti ya puani, akaingia. Siku hiyo hakukuwa na shuka. Kwa mara ya kwanza Mama Agneta aliiona ile kompyuta. Aliizunguka, akaigusa mgongoni ilipokuwa ya moto.

"Kumbe ni kitu kidogo hivi," alisema. "Nilikuwa nafikiri ni kama friji."

Edinah aliinama akatazama chini ya meza, akavuta pazia la dirisha, akatazama nyuma ya mlango. "Na hizo za masikioni ziko wapi?"

"Ni zangu sasa," Emmy alisema, akazivaa. Alimwambia Edinah aseme kitu pale kwenye maikrofoni ajionee kazi ilivyo. Edinah akajishika shingo, akasema jina lake, akasema ametoka Kabuchai na Mungu ni mwema. Emmy akamwekea.

Edinah alisikiliza mpaka mwisho, uso ukikunjika. "Huyo ni mimi? Mbona naongea kama mtu ako na ndizi moto mdomoni?"

"Sasa unajua Jumapili kwa nini watu walisinzia," mwenyekiti alisema.

Mama Agneta hakucheka, lakini alirekebisha kilemba. Mwenyekiti akaweka mkoba mapajani, akaongea kama aliye mbele ya kamati. Emmy akiwa ndani na sauti hiyo, mume wake awe nje. Siku zote, si leo peke yake. Na hata akiikuta kwa simu ya mtu barabarani, asisimame kuisikia.

"Hata nikiwa mzee sina nguvu ya kuuliza," Mama Agneta aliongeza. "Aape."

Emmy alivuka barabara na maneno hayo, akarudi na jibu. Levi ameapa. Ndipo mama yake alipokaa, akanywa chai funda moja, akasogea.

*

Wageni wa Ijumaa walikuwa wawili: Mathenge, mwanamume mwenye suti na kalamu tatu, na Gathoni, mwanamke kijana aliyevua viatu vyake virefu mlangoni bila kuambiwa. Levi aliwaonyesha kompyuta, nyaya, na daftari la simu zilizopigwa. Alieleza vizuri, kwa Kiingereza, na jasho lilimtoka. Kisha Mathenge akatoa simu yake.

"Sasa tusikie."

"Mke wangu atawasikilizisha," Levi alisema. Akachukua kofia, akatoka.

Mathenge alitazama mlango. "Si huyo ndiye mwenye kampuni? Anaenda wapi?"

Wageni wote wawili wakamgeukia Emmy. Alitazama miguu ya Gathoni, iliyokuwa na soksi yenye tundu, na ajabu ni kwamba hilo tundu lilimsaidia.

"Haruhusiwi kuisikia," alisema. "Ni sauti ya mama yangu."

"Haruhusiwi na nani?"

"Na mama yangu."

"Yaani ametengeneza kitu ambacho hawezi kukisikia? Na kikiharibika?"

"Namwambia. Mimi namwambia kimeharibika vipi, ananiambia nibonyeze wapi."

Mathenge akafungua daftari. "Na wewe niandike nani? Sekretari?"

Emmy akafikiri. "Andika mimi ndiye nasikia."

Gathoni alipiga ile namba kwa simu ya Mathenge na kuiinua ili wote wasikie. "Mulembe, wewe unayesikiliza," Mama Agneta alisema, akanyamaza, na katika kimya hicho Gathoni, mtoto wa Nyeri asiyejua Kibukusu hata neno, akajikuta amejibu, "Mzuri, mama." Akaangalia huku na huku kuona nani anacheka. Hakuna aliyecheka.

Bei ziliendelea. Kufika Suam, Mathenge alikuwa amesimama, na furaha ikamzidi, akaichukua simu yake akatoka nayo nje, sauti wazi kabisa, kumpelekea kijana hongera. "Bwana Sifuna! Hii ni kitu safi! Njoo usikie mwenyewe!"

Levi alimwona anakuja. Akashusha kofia, akaondoka. Mathenge akaongeza mwendo, Levi naye akaongeza. Akampita fundi wa viatu, akapita wauza ndizi, akakata kona ya kituo cha petroli karibu mbio, mtu mzima na kofia yake, anamkimbia mgeni aliyemngoja miezi mitatu. Mathenge akabaki katikati ya barabara na simu inayosema hayajakauka.

"Nimemkosea nini?" aliuliza.

"Zima hiyo kwanza," Abdisalam alimwambia kutoka dukani, akicheka mpaka akashika kitambaa cha watu. "Zima, bwana, utamfikisha Uganda."

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Wangelipia mwaka mmoja, na kuleta kompyuta moja, si mbili. Levi aliisoma mara nne. Kisha akampa Emmy, naye akaenda Kabuchai kuisoma kwa mama yake, kwa sauti, wamama wa kanisa wakiwa wamekaa uani.

*

Kazi hiyo ilidumu miaka mitatu. Wako watu wa Kwanza na Kabuchai ambao mpaka leo wakitaja bei hushusha sauti kwenye "na themanini" kama alivyoishusha Mama Agneta, na hawajui waliitoa wapi. Mama alirudishiwa kitabu chake cha matangazo. Kila Jumatatu Levi alionekana ng'ambo ya barabara, jua au mvua, na fundi wa viatu akamtengea kigoda. Hapo ndipo alipofikiria mambo mengine aliyoyatengeneza baadaye, yale yaliyompeleka Eldoret na Nairobi na kumpa jina.

Kisha simu zikawa za kila mtu, na bei zikaanza kuja zenyewe kwa ujumbe, bure. Mama Agneta alipata yake, akaletewa bei ya kwanza, akampigia Emmy kulalamika kwamba huyo aliyemwandikia hakumsalimu. Simu za kwenye mashine zikashuka hadi hamsini, hadi kumi. Jumatatu moja ya mwisho wa elfu mbili na tisa mashine haikulia hata mara moja.

Siku waliyohama chumba, kompyuta ndiyo iliyobaki ya mwisho kuzimwa. Emmy alikuwa ameshika waya. Hakukuwa na mwenyekiti wala Edinah, na mama yake alikuwa shambani, mbali.

"Hujawahi kuisikia vile inatoka ikiwa imekamilika," alisema. "Mara moja tu. Nani atajua?"

Levi aliitazama ile mashine aliyoifundisha kuongea. Akamwuliza, "Wewe utaisikia kabla ya kuzima?"

"Nitaisikia."

"Yote?"

"Yote."

Akachukua kofia, akavuka barabara. Manyunyu yalikuwa yameanza. Fundi wa viatu, aliyekwisha kufunga sanduku lake, alimshangaa.

"Levi, si nilisikia mmefunga leo? Sasa unangoja nini hapa kwa mvua?"

"Namngoja mama mkwe," Levi alisema, akainua kola. "Bado anaongea."